Risasi Haikunirusha

Nekesa mjukuu wangu,

Unakula vizuri huko Ujerumani? Sisi tuko. Babu yako bado anakohoa na bado anabishana. Mama yako ndiye anaandika haya, mimi nasema, maana kalamu sikufundishwa.

Umeuliza kama risasi inaweza kubeba stima. Chuma kidogo kikiruka hewani kinabeba nini, walimu wako wapime. Mimi nitakuambia nilichogusa.

Nilikuwa msichana, nasuka nywele Kenyatta Market. Majambazi walifyatua risasi wakitoroka, moja ikampata Barasa, mchoma nyama jirani yangu. Wiki hiyohiyo waya wa stima ulikuwa umeua mtu mtaani, na aliyemshika akafa naye. Kwa hivyo watu walimwogopa Barasa. Mmoja alileta mti mkavu wa ufagio, akaanza kumsukuma nao. Nilipokaribia akanipigia kelele:

"Usimguse, dada! Hiyo risasi iko na stima!"

"Basi inirushe!" Nikapiga magoti, nikaziba kidonda kwa leso yangu.

Haikunirusha. Ilikuwa damu tu, ya moto. Barasa akanitazama.

"Wananisukuma na mti. Kwani mimi ni nyoka?"

"Wewe ni Barasa," nikamwambia. "Nimekushika."

Hospitali kubwa tulikuwa tunaiona pale juu. Hakufika. Lakini alikufa akiwa ameshikwa na mkono, si mti.

Wewe pima, mjukuu wangu. Na ukigundua kwamba kweli ilikuwa na stima, nipigie uniambie. Bado ningemshika.

Vaa sweta.

Kukhu wako