Siku Mbili Bila Sindano

Jumamosi, mwezi wa kumi. Mvua bado haijaanza, na joto la Lubumbashi linachoma tangu saa mbili asubuhi. Majirani wako nje kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Chama tawala, wanasafisha mitaro. Mimi nimeruhusiwa kubaki ndani kwa sababu ya ugonjwa, na leo afadhali ningeshika jembe kuliko kalamu.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, nisijifanye shujaa.

Mabaka yamerudi. Yanaanza na mwasho kiunoni, pale fundo la kitenge linapobana, kisha ngozi inavimba kana kwamba nimelala na mbu wa mji mzima. Yanazama huku, yanaibuka kule. Huu ni mwezi wa nne tangu yaanze. Jumatatu mdomo wa juu ulivimba hadi nikashindwa kuwasomea watoto imla darasani. Tangu hapo, kila nikimeza mate, nasikiliza kama koo linafunga.

Ugonjwa wa sukari nao una miaka sita. Daktari alinieleza kwamba mwili wangu ulijikosea, ukaua wenyewe ile sehemu inayotengeneza insulini. Anadhani hata ngozi huenda ni ugomvi ule ule. Anadhani tu, hana hakika.

Sasa kosa langu. Jumatano nilimsomea shangazi karatasi iliyomo kwenye boksi la insulini. Shangazi ni dada ya baba, ametoka Mitwaba kuja kuniuguza. Hajui Kifaransa, na mimi mwalimu sijui kunyamaza nikiwa na karatasi mbele yangu. Nikatafsiri kila kitu, mpaka pale palipoandikwa kwamba dawa inatengenezwa kutokana na nguruwe.

Nguruwe ni mwiko wa ukoo wetu. Baba hakumgusa hata siku ya Noeli.

"Ku jamaa yetu bantu habakulaka nguruwe," alisema. "Weye unamuingiza mu damu kila siku. Njo maana ngozi iko inakatala."

Nilicheka, lakini kwa mdomo tu. Alhamisi asubuhi nilichemsha bomba la sindano kama kawaida, nikalikausha, nikalirudisha kwenye kisanduku chake. Ijumaa vilevile. Sikumwambia mtu, hata mume wangu aliye zamu kwenye tanuru la shaba.

Na nilijua ninachofanya. Muuguzi wa zahanati alishanionya kwamba bila sindano naweza nisimalize juma. Lakini hofu ya koo ilikuwa karibu zaidi, ningeweza kuigusa kwa kidole.

Leo nimeamka na ulimi mkavu, kiu isiyokatika na miguu mizito. Nikatia mkojo na matone ya dawa ya kupimia sukari kwenye kichupa cha kioo, nikavichemsha juu ya jiko la mbabula, makaa yakiwa bado mekundu. Nilitegemea kijani. Rangi ikapita kijani, ikapita manjano, ikasimama kwenye wekundu wa tofali, yaani sukari imejaa. Nikakaa chini sakafuni.

Halafu nikafungua daftari hili. Alhamisi, bila sindano: mabaka mapajani na mgongoni. Ijumaa, bila sindano: mabaka usoni, jicho moja limeziba. Nimeyaandika mwenyewe.

Nimejinyima dawa siku mbili, na mabaka hayakujali.

Nikamwambia shangazi yote. Aliitazama ile rangi, akanitazama mimi, akauliza kama hiyo ndiyo rangi ya kufa. Nikasema ndiyo, ikikaa.

Akaenda kuchukua kibonge chake cha mpemba, ule udongo mweupe ambao kwetu mkubwa wa ukoo humpaka mtu anapomwombea baraka. Nilidhani atanipaka mimi. Alijipaka mwenyewe, mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka vidole.

"Choma," alisema. "Kama bankambo betu benye balikufa bako na maneno, bakuye kwangu. Miye njo nimekuambia uchome."

Nikachoma pajani. Mkono wake mweupe ulikuwa begani mwangu muda wote.

Sasa ni mchana. Kiu imepungua kidogo. Shingo inawasha, na bado nameza mate nikisikiliza. Sijui mwasho huu unatoka wapi. Jumatatu nitamwambia daktari ukweli wa siku hizi mbili, hata akinigombeza. Kesho asubuhi nitachoma tena nikiwa naogopa, maana nikingoja hofu iishe kwanza, nitakuwa nimechelewa.

Shangazi ameketi dirishani. Ameshanawa ule udongo. Anageuzageuza mkono wake kwenye mwanga, anautazama, anaukuna kidogo, anadhani simwoni.