Udongo Unakunywa Kwanza

Mama,

Nakuandikia nimekaa juu ya matofali yako, haya uliyoyapanga nyuma ya nyumba ukayafunika kwa majani ya migomba. Nina muda kidogo. Asubuhi hii nimemwaga maji kwenye shimo la udongo, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba udongo unakunywa kwanza, ndipo unakanyagwa. Basi wakati unakunywa, mimi nakuandikia. Karatasi nimeichana kwenye daftari la mtoto wa dada Goreti, usimwambie.

Nianze na habari za nyumbani. Chumba chako bado hakina paa. Kuta zimeishia kifuani, pale pale ulipoziacha, na hakuna aliyeongeza hata tofali moja tangu tukuzike. Goreti na watoto wake wanalala chumba cha mbele, na ukuta unaowatenganisha na chumba chako haujakingwa na chochote, ni matofali mabichi matupu. Mvua ikinyesha kabla hatujapaua, ukuta huo utayeyuka na paa la mbele litaufuata. Mawingu yameshaanza kukaa upande wa Tanzania. Goreti alikuwa ananipigia simu Gitega kuniambia hayo, nami kila mara nilimjibu nakuja, kisha nikakaa.

Kwa kweli sijafanya lolote tangu uondoke. Sijalia pia. Msibani watu walinisifu, wakasema mwanamume kweli huyu, amejikaza. Sikujikaza, Mama. Nimekufa ganzi tu. Nakula nikimaliza sijui nimekula nini. Pale saluni, ninakonyoa na Hamisi, nilimnyoa mteja nusu ya kichwa nikasimama, mashine inanguruma mkononi, mimi naangalia ukuta. Hamisi akanipokonya mashine akamalizia. Mteja alipotoka akaniambia, "We Eliya, kichwa ya mtu iko mbele yako, unangoja nini? Wende kwenu kwanza. Saluni mi nitabaki nayo." Hakusema kwa ukali. Nikapanda gari hadi Muyinga, nikachukua pikipiki hadi hapa Butihinda, na njia nzima sikumbuki hata tulipita wapi.

Nilipofika nilifanya mambo ambayo ungeyacheka. Nikapima kuta kwa kamba. Nikasema misumari haitoshi. Nikasema tungoje fundi kutoka Gashoho, tungoje siku ya soko, tungoje kwanza tupate mabati. Goreti akachukua madumu akaenda bondeni. Unamjua, akikasirika hushika kazi.

Nikakumbuka tulivyorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Lori lilitushusha barabarani na mizigo yetu, tukakuta shamba la marehemu baba limejaa nyasi na mikaratusi, tukajibanza chini ya turubai. Mimi na Goreti kila siku tulikuwa tunaijadili nyumba: vyumba vingapi, mlango utazame wapi, pesa zitatoka wapi. Hata kalibu ya kufyatulia matofali hatukuwa nayo. Asubuhi moja ukachukua maji yote ya kupikia, tuliyoyapandisha kutoka bondeni, ukayamwaga kwenye udongo uliouchimba. Goreti akapiga kelele. Wewe ukasema, "Sasa hayarudi kwenye dumu. Baba, kanyaga." Uliniita baba kwa sababu nilirithi jina la baba yako. Nikavua viatu, nikakanyaga.

Jirani yetu Sirili, ambaye yeye hakukimbia nchi, akaja kumwona huyo mama mwenye wazimu. "Nyinyi watu ya Tanzania muko na haraka sana," akasema, akaondoka anatikisa kichwa. Aliporudi alikuwa amebeba kalibu yake. Udongo ulikuwa tayari, na mtu kama Sirili hawezi kuona udongo mzuri unakauka bure.

Ndivyo ulivyofanya kila kitu. Makaa uliyawasha kabla hujajua utapika nini, na moto ukishaanza kuwaka bure, mboga ilipatikana. Nguo ulizilowesha zote, ndipo ukatafuta sabuni. Ulikuwa unatafuta kile kipande cha kazi ambacho kikishafanyika huwezi tena kurudi nyuma, unakifanya hicho kwanza, kabla kichwa hakijaanza kubishana na wewe. Sisi tuliona ni ubishi wa kimama tu.

Na ili kazi iishe ulikuwa na sheria yako nyingine. Hukuruhusu mtu aoshe miguu mchana. Tulikula maharage nje, udongo umetukaukia magotini, Goreti ananung'unika kwamba hata wageni watatucheka. "Ukishaosha miguu umefika nyumbani," ulimwambia, "na mimi nakujua, hutoki tena." Miguu ilioshwa jioni, udongo wa siku hiyo ukiwa umeisha wote.

Sasa nikuambie nilichokigundua jana, nimekaa kizingitini sifanyi kitu. Siku tuliyokuzika, tulipotoka kaburini, wanawake walikuwa wameweka beseni la maji karibu na mlango, kila mtu anawe udongo wa kaburi. Mimi nilishika koleo mpaka mwisho, nilikuwa nimechafuka hadi magotini. Shangazi akaninawisha mikono. Kisha akainama akaniosha na miguu, taratibu, kidole kwa kidole, kama ananiandaa kulala. Nikamwacha. Tangu hapo, Mama, mimi nimefika nyumbani. Mwili wangu umeamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe chumba chako kiko vile vile, na mvua haijui kwamba tuna msiba.

Leo asubuhi Goreti alipandisha maji kutoka bondeni, ya kupikia na ya kuwaogesha watoto. Alipoyatua tu, nikachukua dumu la kwanza nikalimwaga shimoni. Nikachukua la pili. Akapiga kelele ile ile ya siku zile. "Kaka, maji ya watoto hayo!" Halafu akakaa chini akacheka, akacheka mpaka akalia. Mimi sikucheka wala sikulia, nilisimama na dumu tupu mkononi. Lakini maji yalikuwa yameshaingia. Sasa amekwenda kwa Sirili kuazima kalibu. Sirili amezeeka, kalibu ni ile ile. Udongo huu tutaunganishia matofali yako, na utakaobaki tufyatulie yaliyopungua, maana jua bado lipo.

Nimeinuka kidogo, nimeingiza mguu mmoja kupima. Umelainika. Chini kuna mabonge, nikikanyaga yatavunjika. Na una baridi, Mama. Baridi imenipanda hadi kwenye goti na nimeisikia vizuri. Ni kitu cha kwanza ninachokisikia tangu lile beseni.

Kwa hiyo naishia hapa, mguu mmoja mchafu na mmoja msafi. Chumba ulichokijenga kwa ajili yako hukulala ndani yake hata siku moja. Hilo linaniuma. Naona sasa linaniuma. Nakuahidi ukuta utafika juu kabla ya mvua, na Goreti atalala humo, na kila siku nitakayokuwa hapa nitakula maharage yangu nje na miguu yangu hivi hivi.

Lala salama, Mama. Goreti namwona anakuja, kalibu iko kichwani, na udongo umeshakunywa. Naenda kukanyaga.

Mwanao uliyemwita baba,
Eliya