Vidonge Nilivyovishuku

Jumanne, Garsen. Mvua ilinyesha jana, leo jua linachemsha matope. Unyevu umezidi, hata chumvi imelowa koponi. Nimeamka na hasira za mtu aliyeuziwa dawa bandia.

Wiki tatu zilizopita Mama alijikata mguu kwa jembe akipalilia mpunga kando ya mto. Akapewa amoksilini, akaimeza yote, kidonda kikazidi kutoa usaha. Daktari akatueleza kwamba baadhi ya vijidudu vina ujanja: hutoa kimeng'enya kinachoikatakata dawa kabla haijafanya kazi. Akaandika vidonge vyenye dawa mbili ndani. Ya kwanza ni amoksilini ileile. Ya pili haiui kijidudu. Kazi yake ni kukishika kile kimeng'enya mikono, mwenzake apite. Akaonya: mguu usipopata nafuu upesi, ni hospitali ya Hola kupasuliwa.

Dawa isiyoua? Nilitikisa kichwa kukubali, moyoni nikasema huyu ananichezea. Mimi hata maziwa siyanunui bila kuyaonja. Kwa uzoefu wangu, kitu kikichanganywa kimechanganywa na maji.

Basi Ijumaa, nilipotoka duka la dawa, niliketi mlangoni nikavitoa vidonge vyote kwenye karatasi zake za rangi ya fedha. Nikavinusa, nikavilinganisha kimoja kimoja, nikitafuta chaki. Mama akanicheka.

"We mwanangu, hata dawa waitafutia mwizi?"

Nikavitia kwenye kopo tupu, rafuni jikoni, kando ya chumvi.

Leo zimetimia siku nne Mama akivitoa koponi mwenyewe na kuvimeza. Uvimbe umepanda karibu na goti na mguu unawaka moto. Nikalichukua kopo nikamtolee mwenye duka maneno yake. Njiani nikalifungua. Vidonge vimegeuka rangi ya chai ya maziwa, vimelainika, vinamomonyoka vidoleni. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nimepata ushahidi!

Yule mama wa dukani hakujitetea. Alivitazama, akauliza tu nilivitoa lini kwenye karatasi zake.

Nikamwambia.

Akanieleza polepole kwamba ile dawa ya pili, mshika mikono, haiwezi unyevu. Ndiyo huharibika kwanza. Ikishakufa, inayobaki ni amoksilini peke yake, na hiyo vijidudu vya Mama vimeshaishinda.

Kumbe dawa ilikuwa nzima. Niliyeiharibu ni mimi, kwa kuikagua.

Nilipita kwa daktari, akaandika barua. Kesho alfajiri tunakwenda Hola. Nimeona haya hata kumtazama daktari usoni.

Sasa hivi Mama yuko kibarazani, mguu juu ya kigoda, anawaambia majirani kwamba binti yake hadanganyiki, kila kitu hukikagua. Namsikia kutoka huku jikoni na nataka ardhi inimeze.

Nimwambie kabla hatujaondoka, au ningoje aniulize?

Hataniuliza. Mama hajawahi kunishuku.