Gauni la Bibi Harusi wa Mtalaka Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Makubwa! Leo kaingia dukani binti mmoja mpole, shikamoo yake imejaa adabu. Anataka gauni la harusi. Namuuliza bwana harusi ni nani, mazoea tu ya mafundi — anamtaja mtalaka wangu! Bila kupepesa macho. Na anajua vizuri mimi ni nani. Tepu ikabaki inaning'inia mkononi. Mara nikausikia mdomo wangu unasema, karibu mdogo wangu, tupime.

Kiuno nilikipima mara mbili. Ufundi hapo haukuwepo. Nilitaka kujua kama kinapita changu. Wapi! Chembamba kama cha sanamu la dukani. Nikajipa pole.

Jumatano, 6 Machi

Habari zimemfikia mama kabla sijamwambia. Kafurahi: nimefanya vizuri kukubali, sasa nimchome binti pini moja ya makusudi. Kinyozi wa mlango wa pili yeye anadai bado nampenda yule bwana, ndiyo maana. Nimecheka mpaka nikakata kitambaa kombo — bahati nzuri ni bitana, ya ndani, haionekani. Nimpende! Tangu tuachane nalala katikati ya kitanda.

Mwenyewe najiambia kazi ni kazi. Lakini mbona naimba nikishona? Ukweli, nataka siku ile watu waulize, mkono wa nani huu? Na yeye awepo wakijibiwa. Haya, nimelisema.

Jumamosi, 9 Machi

Binti kaja kujaribu. Limemkaa! Nimepiga magoti napanga pindo, ndipo kanieleza. Kumbe si gauni lililomleta. Mafundi wamejaa mjini. Kanichagua mimi aniulize jambo moja: kwa nini tuliachana? Bwana mwenyewe kamjibu "mambo ya kawaida", basi.

"Dada, wewe ndiye uliyenyolewa kwanza," anasema. "Niambie, na mimi nitie maji."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaonyesha kwa kidole kwamba nina pini mdomoni.

Jumanne, 12 Machi

Na jibu lenyewe si kubwa. Hakunipiga. Hakuwa na mwanamke nje. Akikasirika hasemi, ndiyo hivyo tu. Mara moja alininyamazia tangu mvua zinaanza mpaka zikakatika, kisa kola ya shati niliyoiunguza kwa pasi. Chakula anakula, taa anazima, neno hakuna. Mpaka nikaanza kuzungumza na cherehani.

Nikimwambia binti, watasema wivu. Na labda kweli, robo yake wivu. Nikikaa kimya nitajiita mwenye heshima, kumbe naogopa maneno ya watu. Mama anasema ninyamaze, ya ndoani yabaki ndoani. Nikamuuliza, na ile pini je? Kakata simu!

Hata hivyo nina furaha. Mikono ya gauni imetoka vizuri mno, sijawahi kushona vile.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa stoo, najifanya natafuta uzi mweupe. Wamekuja wote wawili! Sijamwona tangu tuachane. Kanenepa. Kanisalimia vizuri tu, kauliza hali ya mama, kisha kakaa kwenye benchi na kumgeuzia mwenzake mgongo. Nikadhani nimeona vibaya.

Nyuma ya pazia binti kaninong'oneza. Hajasemeshwa tangu juzi. Kauliza amekosa nini, hajibiwi. "Dada, ni mimi tu? Au na wewe?" Machozi yanamlenga, na mikono kainyanyua juu asichafue gauni. Harusi kesho kutwa. Nikamwambia ngoja nilete uzi.

Wiki nzima nimeipekua nia yangu kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Binti hata hakuniuliza habari ya nia.

Bwana anakohoa huko mbele. Kikohozi kile nakijua — maana yake twende. Na binti naye ananiita, taratibu: dada, umeupata uzi?

Ninao mkononi tangu nilipoingia.