Upande Wangu wa Migomba

Garland, Texas

Mama yangu, shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Sisi wazima, ila usingizi hatuna. Mdogo anaota meno, na zamu zangu za kuuguza wazee ndizo zile zile.

Mama, uliniuliza kwenye simu kama mdogo wangu Elia ampe shemeji yake ule upande wangu wa migomba ajenge, maana “dada harudi tena huyo.” Nilikuaga nikakimbilia zamu. Leo jibu ninalo.

Jirani yangu, Mpalestina, huitwa Umm Yusuf, yaani Mama Yusufu, kama sisi tu. Bibi yake alikimbia kijiji chao wakati wa vita vya mwaka 1948, hakuruhusiwa kurudi hadi akafa. Jumapili mimi na mwanangu Neema tuliwapelekea chapati, tukawakuta wanabishana. Yusufu anasomea sheria. Akasema, “Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe. Israeli inasema lile ni pendekezo tu, halimfungi mtu, na sisi tuliozaliwa nje si wakimbizi.”

Mama yake akamrushia kitambaa cha meza. “Pendekezo! Na bibi yangu alizaliwa kule kwa pendekezo?”

Tukacheka. Kitindamimba wao, rika la Neema, akaanza kunitajia kijiji, kisima, mizeituni, vitu ambavyo hajawahi kuviona. Nikamgeukia Neema wangu: “Na sisi kwetu wapi?” Akajibu kwa Kiingereza kwamba kwetu ni Garland, ghorofa ya pili.

Nikamwambia Umm Yusuf, “Nakuonea wivu, wanao wanajua kwao.”

Akanitazama kama nimemtukana. “Mimi? Wewe kwenu hakuna askari wa kukuzuia, na bado umekaa!”

Tangu hapo salamu zake fupi. Ananionea wivu, nami namwonea. Hata huyo shemeji wa Elia namwonea, eti aamke asikie majani yangu ya migomba.

Basi mwambie Elia, kwa upendo: hapana. Kitovu changu kimefukiwa pale. Cha Neema ninacho hapa, nimekifunga kwenye kitambaa tangu kilipodondoka, kila Krismasi nasema mwakani. Nilitaka kumpa mtu anayekuja likizo akilete. Sitampa. Desemba hii Neema atakileta kwa mkono wake, na Elia ndiye atakayechimba shimo.

Nisalimie shangazi mwenye ng'ombe, na mke wa Elia. Yeye sina neno naye.

Ni mimi mwanao, mwenye upande wa migomba chini ya mfereji,
Aneth