Ngazi za Chemchemi

Syokimau,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kwanza niambie mguu wako unaendeleaje, na kama nyanya yetu susu ameanza tena kula vizuri. Mimi sina ugonjwa wowote. Nakula, nasali, na mama mdogo Mwende ananitunza kama mtoto wake. Lakini situlii. Tangu nikae kuandika nimeinuka mara mbili kwenda kuangalia kama mlango umefungwa, na niliufunga mwenyewe.

Naandika kwa sababu kwa simu siwezi. Simu ni ya mjomba Muli, naye huiweka juu ya meza ili kila mtu asikie. Siku ile uliponiuliza, "Mwikali, hiyo kazi ni ya kufanya nini hasa?" nilimsikia akisema, "Anatengeneza midoli. Mtu amemaliza Form Four." Watu wakacheka. Kisha ukaniambia ananingoja dukani kwake Matuu mwisho wa mwezi, nikasema, "Sawa, mwaitu." Sikuwa nimekubali. Wewe unanijua, nikishindwa kusema kitu husema sawa.

Sasa nikueleze. Kuna watu wazima, wenye kazi zao za ofisi, ambao hukutana Jumamosi kucheza vita juu ya meza. Kila mmoja ana jeshi la wanajeshi wadogo wasiofikia urefu wa kidole gumba. Wanapima mwendo wao kwa tepu kama fundi, halafu wanarusha dadu. Meza tupu haina vita, kwa hivyo wanahitaji kuta, madaraja na magofu ya kujifichia. Hayo ndiyo anayotengeneza Bwana Kioko, aliyenichukua kwa majaribio. Aliniambia atanipima kwa kitu kimoja nitakachojenga peke yangu: chemchemi ya mawe ya kurusha maji, ya mtindo wa gothiki, kama makanisa ya kale ya Ulaya. Nguzo ndefu katikati, matao yenye ncha juu kama madirisha ya parokia yetu, na nyuso za kutisha zinazotema maji. Ionekane imeachwa miaka mingi. Ikifaa nabaki, isipofaa naenda.

Mwaitu, niliifanya kwa moyo wote. Nilikata foam ngumu, ile nyepesi ya kufungia televisheni, kwa kisu chembamba, nikachora mistari ya mawe kwa biki iliyoisha wino. Nikafinyanga karatasi ya foil ya kufungia chakula ikawa mpira, nikauviringisha juu ya foam mpaka ikawa na vishimo kama jiwe lililolika. Chini nikazungusha ngazi nne nyembamba, moja juu ya nyingine. Rangi nyeusi, kisha kijivu, kisha brashi karibu kavu yenye weupe kidogo kwenye kingo. Ndani ya beseni nikapaka kijani, na juu yake vanishi, ikawa kama maji ya kidimbwi mvua ikishakatika. Bwana Kioko aliizunguka pole pole.

"Ni safi," akasema. "Lakini meza ndiyo itasema."



Jumamosi wachezaji wakaja kwa Bwana Kioko. Mimi nilisimama karibu na mlango, nikishika chupa ya chai ambayo hakuna aliyeniomba niishike. Mmoja wao, kijana wa benki anayeitwa Brayo, akamweka nahodha wake kwenye ngazi zangu. Akaanguka. Akamweka tena, akaanguka tena.

"Hii ngazi ni ya kupanda ama ni ya kupigia picha?" Brayo akauliza. "Watu wangu wanaanguka kama wametoka harusini."

Wakacheka wote, na mimi nikaona kosa langu papo hapo. Kila mwanajeshi amegundishwa juu ya kisahani kidogo, kama sarafu ya shilingi ishirini. Mimi nilikuwa nimepima miguu yao, sikupima kile wanachosimamia.

Mara ya tatu nahodha alifika sakafuni na mlingoti wa bendera yake ukavunjika. Brayo akaacha kucheka. Alikuwa amempaka rangi mwenyewe, hata macho.

"Nani alijenga hii kitu?"

Bwana Kioko akanigeukia. Aliniangalia tu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Nikajiona dukani Matuu nikisema sawa, sawa, mpaka nizeeke.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipima miguu tu. Naomba nipewe niirekebishe, na bendera pia."

"Ati?" akasema Brayo. Hakuwa amesikia. Ikabidi niseme tena yote.

"Kumbe huyu ako na sauti," akasema Bwana Kioko. "Mpeni."

Wakaendelea na vita upande mwingine wa meza. Mimi nikaenda chumba cha nyuma, nikakata ngazi zangu nzuri. Kutoka nne nikabakisha mbili pana. Vipande nilivyotoa nikavivunja na kuvitawanya chini kama mawe yaliyoporomoka, nikavipaka rangi. Mlingoti nikautia waya mwembamba ndani na gundi. Niliporudi, Brayo aliujaribu kwa ukucha, kisha akamweka nahodha juu ya ngazi. Akasimama. Mtu aliomba chai.

Tukifunga, Bwana Kioko akaniambia, "Kesho kutwa uje mapema. Kuna daraja la kujenga."

Kwa hivyo kazi ninayo, mwaitu. Nisichonacho ni ruhusa yako, na siwezi kukuomba mbele ya watu wote wa nyumba. Barua hii inaletwa na binamu Mutua, anayekuja kuchukua ndengu na kurudi Alhamisi. Ukikubali nibaki, mpe ile sindano ndefu ya susu ya kushonea magunia. Itachora mawe vizuri kuliko biki. Usiseme kitu kwa simu. Asipokuja nayo, nitafunga begi niende Matuu, na sitanuna.

Nisalimie susu, na mdogo wangu Musyoka, na katekista aliyetufundisha. Mjomba Muli pia msalimie kwa heshima.

Mimi binti yako,
Mwikali

Sindano iko ndani ya kiondo cha susu, chini ya uzi mwekundu. Lakini mwombe kwanza.