Bangili za Mama Zinakwenda kwa Shehe

Shamsu,

Kolekole wa kupaka yuko jikoni, nimemfunika kwa sinia. Maji yakitoka, jaza pipa. Bangili za marehemu mama usizitafute kabatini. Nimekwenda nazo Kaole kwa shehe, atugawie.

Asubuhi umenitolea macho: eti hazirithiwi, mama alikupa wewe zamani, ukamwachia akutunzie. Nikakuuliza tu, dhahabu isiyovaliwa, imefungiwa kabatini miaka yote, zaka yake umeitoa lini? Ukapaliwa na chai. Ukasema zaka alitoa mama kila Ramadhani, tena wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea kwa mafukara. Umejisikia? Mama hakuwa mtu wa kutolea zaka mali ya mwenziwe. Zilikuwa zake mpaka anakata roho.

Basi ni mirathi. Mafungu mawili yako, moja langu. Sheria siipingi, lakini hilo moja silitoi sadaka, na usinipigie simu kunibembeleza.

~~Samaki mmalize tu.~~ Samaki nibakishie. Huyo nimemnunua mimi, si wa mirathi: nusu kwa nusu.

Dada yako,
Hafidha